Mtoto Akikamatwa, Anza na Kadi ya Kliniki

Kijana wa miaka 15 akikamatwa sokoni kwa wizi wa simu, mzazi hukimbilia kutafuta hela. Atafute kwanza kadi ya kliniki, inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa. Vijana wengi wa umri huo wamesharefuka na sauti imekuwa nzito, na kwa woga hutaja umri wowote unaowajia mdomoni. Akiandikwa kwenye jalada kuwa ana miaka 18, atashtakiwa kama mtu mzima na, akikosa dhamana, kusubiri kesi gerezani. Aliingia kwa simu moja. Huko atalala ubavuni mwa watu wanaojua kuvunja maduka, na muda wa kusimuliana wanao tele.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya 2009 (Zanzibar wana yao, ya 2011) inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Bara, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai hata kidogo. Aliye chini ya miaka 12 naye hawajibiki, mpaka ithibitike kwamba alijua anachofanya hakifai. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, peleka kadi ya kliniki au rejesta ya shule. Vyote vikikosekana, omba umri wake uchunguzwe na daktari.

Kituoni nenda mwenyewe. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, omba afisa ustawi wa jamii aitwe, kisha uliza swali ambalo wengi husahau: mtoto atalala wapi leo? Sheria inataka atengwe na watu wazima. Omba dhamana, na kumbuka kuwa dhamana haiuzwi. Ukikwama, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Akikosa dhamana anatakiwa kupelekwa mahabusu ya watoto, ila mahabusu hizo ziko mikoa michache tu, ndiyo maana dhamana ya siku ya kwanza ina thamani kubwa.

Mahakama ya Watoto husikiliza kesi faragha, mzazi akiwepo. Afisa ustawi huandaa taarifa kuhusu maisha ya nyumbani, na hapa wazazi wengi hukosea: husema nyumbani hakuna tatizo. Kama baba aliondoka, kama kuna ulevi, kama mtoto hushinda na njaa shuleni, sema. Hakimu huitazama taarifa hiyo anapoamua. Mtoto hafungwi jela. Anaweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho Irambo, Mbeya. Kwa mzazi wa Mtwara, nauli ya kumtembelea huko nayo ni adhabu.

Wakati mwingine anayehukumiwa ni mzazi, na watoto ndio wanaoishia stendi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mtu mwenye kosa la kifungo kisichozidi miaka mitatu kufanya kazi za umma bila malipo huku akilala kwake. Lakini mahakama haijui nani amebaki nyumbani. Mshtakiwa anapoulizwa kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu, ataje watoto wangapi, wa umri gani, na nani atawapikia jioni hiyo.