SOMO LA KIKUNDI: MRADI WA SHULE NI SOMO AU NI KIBARUA?



Mama mmoja alinijia baada ya Misa akiwa na hasira. Kijana wake aliacha shule ya msingi, sasa yuko katika shule moja ndogo ya vijana kama yeye, ambako wanasoma kwa kufanya miradi. "Mwalimu, nilimpeleka asome. Mbona kila siku anarudi na matope? Kama ni jembe, hata kwangu liko."

Nilimwita kijana. Walikuwa wanajenga banda la kuku. Nikamuuliza, litabeba kuku wangapi? Hajui. Mbao ziligharimu pesa ngapi? Hajui. Yeye alichanganya udongo tu. Basi mama alikuwa na haki.

TAZAMA
Jambo hili si geni. Huko Serowe, Botswana, Patrick van Rensburg, aliyetoka Afrika Kusini kwa kupinga ubaguzi, alianzisha shule ya Swaneng Hill mwaka 1963. Aliona vijana wengi wamemaliza shule ya msingi na hawana pa kwenda. Mwaka 1965 akaanza kikosi cha vijana wajenzi. Kwa wiki walijenga siku 4, na siku 1 walikaa darasani. Kazi yao ilisaidia kulipia mafunzo. Lakini mpango wa namna hii una hatari yake: pesa ikihitajika haraka, kazi inasonga mbele na darasa linasahauliwa.

PIMA
Turudi kwa lile banda. Tuseme kuku ni 20, na mita 1 ya mraba inatosha kuku 4. Vijana wenyewe wapige hesabu: banda liwe mita 5 za mraba, yaani mita 2 kwa mita 2 na nusu. Hapo wamesoma hesabu. Waandike barua kwa kikundi kuomba mabati: hapo wamesoma lugha. Wajifunze kwa nini kuku huchanjwa dhidi ya kideri na chanjo hurudiwa lini: hiyo ni sayansi. Wafungue daftari la mayai na mauzo: hiyo ni biashara. Matope ni yale yale, lakini sasa kichwa nacho kinafanya kazi.

TENDA
Kikundi chenu kikisaidia shule ya namna hii, shikeni mambo manne:
1. Vijana washiriki kupanga, si kutumwa tu.
2. Kila kazi iwe na saa yake ya darasani, na isiguswe.
3. Daftari la pesa liwe wazi kwa vijana na wazazi. Waamue pamoja mapato yatumike vipi.
4. Mwisho wa mradi, kijana asimame mbele ya wazazi aeleze alichofanya, gharama yake, na mahali walipokosea.

Yesu naye alijifunza useremala pale Nazareti. Kazi ya mikono si aibu. Aibu ni kumtumia mtoto wa mwenzako halafu kuita hiyo elimu.

MASWALI YA KUJADILIANA
- Watoto walioacha shule kijijini kwetu ni wangapi, na wako wapi sasa?
- Katika kikundi chetu nani ni fundi, na anaweza kufundisha nini?
- Tutajuaje kama kijana amejifunza, si kuchoka tu?