Kamba haitibu, wala Valium ya jirani

Msomaji wa Tanga anauliza kama familia yake ilikosea. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, mdogo wake mwenye skizofrenia aliacha dawa. Akawa halali, anabishana usiku kucha na sauti anazozisikia yeye tu. Wazee wakasema hospitalini ndiko kwenye ugonjwa. Wakamfunga kamba kitandani, wakamnywesha Valium za jirani, vidonge vya kutuliza, wakangoja “upepo upite”.

Ilikosea, ingawa haikuwa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilizihoji nchi 130 kati ya Juni na Agosti mwaka huo, na zaidi ya theluthi moja zilikiri kwamba huduma za dharura za akili zimeyumba. Wapo walioona wodi zimepungua watu wakadhani na maradhi yamepungua. Wapi! Yalikuwa majumbani. Marekani nako waliofika idara za dharura walipungua mwanzoni. Lakini mwanzoni mwa 2021, wasichana wa miaka 12 hadi 17 waliofikishwa huko kwa kushukiwa kujaribu kujiua walizidi wale wa kipindi kama hicho mwaka 2019 kwa takriban nusu.

Nyuma ya kamba ile kuna imani sugu: kichaa hakiui, kwa hiyo kinaweza kungoja. Kinaua. Asiyekula wala kunywa hukaukiwa maji. Kamba iliyokazwa huzuia damu, mkono ukavimba na kufa ganzi. Aliyelazwa kifudifudi huku wanaume wawili wamemkalia mgongoni anaweza kukata roho. Valium juu ya gongo hudidimiza pumzi, na ndugu wakafurahi kwamba hatimaye amelala. Tena si kila anayepayuka amerudiwa na maradhi ya zamani. Malaria kali, sukari iliyoshuka, hata korona yenyewe, huweza kumvuruga mtu akili ghafla, na mganga wa majini hana kipimo cha malaria.

 

Mlipuko uwepo usiwepo, anayesikia sauti zikimwamuru kudhuru, anayetaja kujiua au aliyechanganyikiwa ghafla apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Si baada ya Ijumaa, wala baada ya kikao cha ukoo. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko Dodoma, lakini safari haianzii huko: hospitali ya wilaya inaweza kumpima, kumtuliza kwa sindano na kumpa rufaa. Kukiwa na mlipuko msindikizaji avae barakoa, na siku zote abebe pakiti za dawa zote alizomeza mgonjwa, zile za jirani zikiwemo.