Utando wa Seli ya Fueli na Gesi ya Songo Songo

Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo husafirishwa kwa bomba chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu hadi Dar es Salaam, ambako huchomwa hasa kwa kuzalisha umeme. Sehemu kubwa ya joto hilo hupotea. Kemia inayo njia nyingine, nayo ni seli ya fueli, itoayo umeme bila moto. Kiini chake ni utando mwembamba wa polima.

Kazi ya utando

Seli hii hutumia haidrojeni. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo, hupitishwa pamoja na mvuke wa maji juu ya vichocheo vyenye joto. Jumla ya mabadiliko ni:

CH₄ + 2H₂O → CO₂ + 4H₂

Haidrojeni huletwa upande mmoja wa utando, na hewa upande wa pili. Kila upande una platinamu kama kichocheo:

2H₂ → 4H⁺ + 4e⁻
O₂ + 4H⁺ + 4e⁻ → 2H₂O

Elektroni hupita katika waya wa nje na kuwasha taa. Protoni (H⁺) hupenya utando. Basi utando una kazi tatu: kupitisha protoni, kuzuia elektroni, na kutenganisha gesi mbili.

Makundi ya salfa na mafundo

Polistirini ya kawaida haipitishi protoni. Ikitiwa katika asidi ya salfuriki iliyokolea sana, huweza kupata makundi ya –SO₃H. Penye maji, kila kundi huachia protoni, nalo hubaki limeshikamana na mnyororo wa polima. Protoni husafiri kwa msaada wa molekuli za maji; utando mkavu haufai kitu.

Hapa ndipo penye tatizo. Makundi hayo yakiongezwa, polima hunywa maji zaidi, huvimba, na mwishowe huyeyuka. Dawa yake ni kuifunga minyororo pamoja. Mvuvi wa Kilwa Kivinje anajua kwamba nyuzi zilizolazwa tu huachana, bali zikifungwa mafundo huwa wavu. Katika polistirini, fundo ni molekuli ya divinilibenzini, ishikayo minyororo miwili kwa pamoja. Mafundo yakiwa machache, utando hulegea. Yakizidi, maji hukosa nafasi, protoni hukwama, na utando hukatika upesi ukikauka. Ustadi wote umo katika kupata kiasi.

Utando wa polistirini yenye salfa ulitumika katika chombo cha anga cha Marekani, Gemini 5, Agosti 1965. Udhaifu wake ni kwamba minyororo yake hushambuliwa na kemikali kali zinazozaliwa ndani ya seli. Nafion, iliyobuniwa na kampuni ya DuPont, ina florini mahali pa haidrojeni katika mnyororo; ni imara, lakini ghali. Ndiyo sababu wanakemia wangali wakitafuta polima rahisi zenye mafundo.

Mambo ya kuangalia pwani

Ayoni za sodiamu za chumvi ya bahari hukalia nafasi za protoni katika utando na kupunguza umeme. Kaboni monoksaidi, izaliwayo wakati methani inapobadilishwa, huisumisha platinamu, hivyo lazima iondolewe. Tena, kaboni dayoksaidi ya methani haitoweki. Hutoka mahali haidrojeni inapotengenezwa. Lakini utando wa aina hiyo hiyo, ukipewa umeme wa jua na maji yaliyosafishwa chumvi, hufanya kazi kinyume na kutoa haidrojeni bila gesi asilia. Kwa hiyo, anayejifunza utando huu leo atakuwa na elimu ya kutumia hata siku visima vya Songo Songo vitakapokauka.

Maswali

1. Kilo 16 za methani hutoa kilo ngapi za haidrojeni, na ngapi za kaboni dayoksaidi? (H = 1, C = 12, O = 16)
2. Kwa nini utando wenye makundi mengi ya –SO₃H huhitaji mafundo zaidi?
3. Eleza kwa nini maji ya bahari hayafai kulowesha utando.