Namba ya siri ibaki siri

SWALI: Mama yangu amepofuka kwa presha ya macho. Akitaka kutuma pesa kwa simu, humpa jirani namba yake ya siri. Afanyeje?

JIBU: Pole kwa mama. Namba hiyo asimpe mtu tena, hata akiwa mwema kiasi gani.

Kama simu yake ni ya Android, ina TalkBack, programu inayosoma kioo kwa sauti. Kwenye simu nyingi huwashwa kwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache. iPhone ina VoiceOver. Akipitisha kidole, simu hutaja kilichoguswa. Akigonga mara mbili, hufunguka. Avae spika za masikioni ili wengine wasisikie tarakimu.

Aanze kwa kuangalia salio, kisha atume kiasi kidogo kwako. Mwelekeze kwa maneno, usimshike mkono wala kumnyang'anya simu. Atachelewa mwanzoni, mvumilie.

Tena, kumwezesha hivi si hisani, ni haki yake. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Fedha ni zake, na uamuzi uwe wake.