Chikichi Limeiva? Tazama Chini Kabla ya Juu

Hapa kwetu Mabatini, Mwanza, hapaoti michikichi, lakini mawese tunayala, na wapo majirani wenye shamba la familia kule Kigoma. Ng'ambo ya ziwa letu la Victoria, katika kisiwa cha Bugala wilayani Kalangala, Uganda, wakulima wadogo wanauza mikungu kiwandani kwa kilo. Kote huko, jasho la mwaka mzima linaweza kupotea siku ya kukata. Ukienda likizo shambani, nenda na haya.

1. Anza na kisahani cha mti, yaani duara lililopaliliwa kuzunguka shina. Machikichi yaliyodondoka yenyewe ndiyo shahidi wa kweli. Ukikuta 5 hadi 10 ya karibuni, yasiyonyauka, kutoka mkungu mmoja, kata. Hakuna hata moja? Uache. Yageuze pia uyakague, maana panya na ndege hudondosha matunda kabla ya wakati.

2. Rangi isikuponze. Mengi huanza meusi, kisha hugeuka mekundu yenye rangi ya chungwa. Ila upande unaopigwa jua hutangulia, na ipo aina inayoanza na kijani. Kwaruza kwa ukucha: nyama ikiwa ya chungwa na kidole kikabaki na mafuta, muda umefika. Ikiwa imepauka, ngoja.

3. Zisubiri wiki za mwisho. Hapa nawasihi kabisa. Tangu kuchavushwa hadi kuiva, tunda huchukua kama miezi 5 hadi 6, na mafuta ya nyama yake hayajai muda wote huo. Huanza kuingia takribani wiki ya 15 na kuendelea hadi karibu wiki ya 20. Mkungu uliokatwa mapema una ukubwa na una uzito, lakini ukikamuliwa mafuta ni haba. Hata kama umepanda Tenera, mbegu chotara inayozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, haraka hiyo inakula faida ya mbegu bora. Mtu amepalilia, amelipa mkweaji, halafu anaacha sehemu iliyonona kuliko zote. Inauma.

4. Weka ratiba. Pita shambani kila baada ya siku 10 hadi 14. Ukichelewa sana, machikichi hupukutika na kuoza majanini.

5. Kata kwa adabu. Mti mfupi, patasi. Mrefu, mundu wenye mpini mrefu, mbali na nyaya za umeme. Fupisha bua, na usiurushe mkungu ovyo. Tunda likichubuka, kimeng'enya chake huanza kuvunja mafuta kuwa asidi, na mawese huchacha upesi.

6. Okota yaliyodondoka. Hayo ndiyo yaliyoiva kuliko yote. Wape kazi hiyo watu wenye subira, na kikapu kisicho na mchanga.

7. Yafike jikoni au kiwandani ndani ya saa 24. Wakamuaji wengi wadogo hurundika mikungu siku kadhaa ili machikichi yatoke kwa urahisi. Kazi inakuwa nyepesi kweli, lakini asidi inapanda kila siku, na wanunuzi wa mawese ghafi kwa kawaida hawataki izidi asilimia 5. Kuchemsha ndiko kunakokizima kile kimeng'enya, kwa hiyo kuni na pipa viwe tayari kabla mundu haujagusa mti. Kama lori halina uhakika, mwambie mkataji aje kesho.