Mfuko wa Wahitaji Usharikani: Uanzie Kwenye Mizani

Kwenda kuwaona wagonjwa katika hospitali ya Makandana wakati wa Krismasi, na sabuni, sukari na kilo chache za mchele, ni desturi njema, nayo isiachwe. Lakini Januari ikifika, mama yuleyule aliyepokea sabuni wodini anahangaikia sare za shule, na wanaomkopesha haraka ni wale wa kausha damu, wenye mikopo ya riba kali. Usharika unaotaka kumsaidia kwa dhati uanze kwa kujua fedha ya mama huyo inavujia wapi. Hapa kwetu Rungwe mvua haitunyimi, na ardhi inatoa chai, viazi, ndizi na maparachichi. Sehemu kubwa ya umaskini wetu huingia baada ya mavuno, njiani kati ya shamba na mfuko wa mkulima.

Chagueni watu kwanza. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku (Matendo 6), mitume waliliagiza kusanyiko lichague watu saba wenye sifa njema. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea kazi walikabidhiwa watu wa upande uliokuwa unaumia. Basi kamati yenu isiwe ya wafanyabiashara na watumishi wa serikali peke yao. Iwe na mjane, kibarua wa chai, na kijana asiye na ajira. Waende wawili wawili nyumba kwa nyumba kupitia jumuiya, wasalimie, wakae, ndipo waulize: Unadaiwa na nani? Kuna mazao umeshayauza yakiwa bado shambani? Nani mgonjwa hapa nyumbani?

Majibu yaandikwe kwenye daftari moja, likae kwa mchungaji. Majina yasisomwe ibadani, wala mtu asipigwe picha akipokea. Mzee aliyezoea kuheshimiwa kijijini anaweza kuchagua kulala njaa kuliko kusimamishwa mbele ya madhabahu akabidhiwe ndoo ya unga huku kwaya ikiimba.

Mfuko uwe na akaunti yake, mbali na ile ya ujenzi, maana jengo lina njaa isiyokwisha. Baraza la wazee lipange fungu lisilobadilika kutoka sadaka ya kila Jumapili, hata likiwa dogo. Anayengoja kitakachobaki atangoja sana. Watie saini watu wawili wasio wa ukoo mmoja. Kila mwezi kisomwe kiasi kilichoingia na kilichotoka, bila kutaja aliyepewa.

Kwa mgonjwa, msikimbilie kulipa. Kwanza mwende naye kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mkaulize juu ya msamaha, kwa kuwa sera ya afya inawatambua wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Watu wengi hulipa, au hukaa nyumbani na maradhi, kwa kutojua hilo. Fedha ya mfuko itumike pale msamaha usipofika: nauli ya kutoka Lwangwa au Masoko, chakula cha anayeuguza, dawa iliyokosekana dirishani. Mlipe wenyewe dukani na risiti ibandikwe daftarini.

Deni la kausha damu lina haraka yake. Mkilifahamu mapema, lipeni lote kwa mkupuo, kisha ndugu huyo aurudishie mfuko kidogo kidogo bila riba, kama Kutoka 22 inavyoagiza kwa anayemkopesha maskini. Msichukue godoro wala sufuria kuwa dhamana. Ikiwa mnataka kukopesha kama kikundi, kwa mtindo wa VICOBA, pitieni halmashauri mkasajiliwe, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavihusu vikundi hivyo pia.

Sasa mizani, na hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu dalali naye ni mshirika, tena pengine ndiye mtoaji mkubwa. Gunia la viazi likishonewa kilemba juu linakuwa lumbesa: mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na zaidi. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia lipite kilo 100, lakini kwenye njia ya shamba, mvua ikinyesha na gari likiunguruma, mama mwenye mgonjwa nyumbani hana nguvu ya kubishana. Usharika unaweza kununua mizani ya kuning'iniza na kuiweka wazi uani, kila mkulima apime bure kabla mnunuzi hajafika. Akijua kilo zake ana pa kusimamia. Kisha mchungaji ahubiri Walawi 19 sura nzima, maana humo masazo ya shambani kwa maskini, ujira usiolala kwa mwajiri, na mizani ya haki vimeagizwa pamoja. Hatuna ruhusa ya kuchukua masazo tukayaacha mengine. Mshirika anayechelewesha mshahara wa dada wa kazi au wa vibarua wake aonywe kwa upole nyumbani kwake, kabla zaka yake haijapokelewa kwa makofi.

Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowatia watu umaskini na udhalili, litakosa maana kwa mwanadamu. Maneno hayo yanatuhusu sisi wenye lumbesa, na yanawahusu pia marafiki zetu wa sharika za Ulaya. Mkiwaandikia barua, pamoja na kushukuru kwa nguo na vitabu, waulizeni bei ya kikombe cha chai na ya parachichi moja kwao, nanyi muwaeleze mkulima wa Katumba au Kiwira analipwa nini kwa kilo. Wakristo wakisukuma pamoja, mambo husogea. Kampeni ya Jubilee 2000, iliyochota wazo lake katika Walawi 25, ilizishinikiza nchi tajiri zisamehe madeni. Tanzania ikapata msamaha mkubwa mwaka 2001, mwaka uleule ambao ada ya shule za msingi ilifutwa.

Mkopo wa mfuko wenu usiporudi, msipeleke jina kwenye mkutano. Wawili wa kamati warudi nyumbani kwa mdaiwa wakaangalie. Kama ng'ombe amekufa au kuna msiba, wapunguze kiwango cha marejesho au walifute deni kwa maandishi, liingie daftarini kama msaada. Kama uwezo upo ila hataki, alipe kwanza ndipo aombe tena, na watoto wake waendelee kuhudumiwa kama kawaida.