SOMO LETU: BARUA YA MKE WA MCHEZAJI
Mchezaji akishastaafu, nani amtibu? Tuangalie Marekani. Mpira wa kwao hubebwa mikononi, na wachezaji hugongana vichwa. John Mackey aliucheza kwa mshahara tangu 1963 hadi 1972, akivaa jezi namba 88. Baadaye ubongo ukaharibika, kumbukumbu zikampotea. Pensheni haikutosha matunzo.

Basi mkewe, Sylvia, akashika kalamu, akamwandikia mkuu wa ligi. Mwaka 2007 ligi na chama cha wachezaji wakaanzisha Mpango wa 88: hadi dola 88,000 kwa mwaka kumtunza mchezaji wa zamani mwenye ugonjwa huo. Mackey alifariki 2011.

Tunajifunza kwamba kazi huisha, lakini maumivu yake hubaki. Na kujua kuandika ni silaha.

Jadilianeni: Kazi zetu zinatuumiza wapi? Tumwandikie nani?